Je, Bandari FC imepiga hatua chini ya KPA?

Hapa Golbanti ukitaka kugawanya kibanda cha mpira pande mbili huna haja ya kutaja siasa. Taja Bandari FC tu. Wako watakaokuambia timu inalelewa vizuri, wachezaji wanalipwa, haishuki daraja, sasa mnataka nini tena? Na wako watakaokuambia timu imekuwa kama mtumishi wa ofisi: mwisho wa mwezi mshahara, mwisho wa msimu haina ubingwa, na mwakani hivyo hivyo.

Mimi nimo katika kundi la pili, lakini si kwa sababu zile zinazopigiwa kelele kibandani. Wengi wanasema KPA haitoi pesa za kutosha. Sidhani kama tatizo ni hilo. Naona tatizo liko kwenye swali ambalo hatumuulizi mwenye timu, nalo ni hili: anataka timu hii imfanyie nini?

Tuanze na mwenyewe. Bandari FC ni mali ya Halmashauri ya Bandari Kenya, KPA, shirika la umma lililoundwa kwa sheria mwaka 1978. Mizizi ya timu ni mikongwe kuliko shirika lenyewe, kwa kuwa watu wa gatini walikuwa na timu zao za kazi tangu enzi za kampuni ya LASCO, na baadaye Cargo. Kwa hiyo hii si klabu ya wanachama kama Gor Mahia au AFC Leopards, ambako shabiki analipia kadi na siku ya uchaguzi anapiga kura. Wala si ya tajiri mmoja. Ni timu ya mwajiri. Bajeti yake inakaa meza moja na bajeti ya makreni, matishari na ukarabati wa magati. Sisi Wapwani tunaiita timu yetu, tunaimba jina lake, lakini kisheria hatuna hata uzi mmoja wa jezi. Hilo silisemi kwa kulalamika. Ndivyo ilivyo, na ni vizuri kulijua kabla ya kuanza kudai.

Sasa tumpe mwenye timu haki yake, maana anayo.

Bandari ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2013. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 haikushuka. Mwaka 2015 ilichukua Ngao ya GOtv kwa kuifunga Nakumatt, ikapata tiketi ya Afrika, ingawa huko ilitolewa mapema na Saint Eloi Lupopo ya Kongo. Msimu wa 2018 ikamaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia. Msimu wa 2018/19 ikamaliza ya pili tena nyuma ya Gor hao hao, na mwaka huo huo wa 2019 ikatwaa Ngao kwa kuifunga Kariobangi Sharks. Chini ya kocha Bernard Mwalala, mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga, timu ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, na ikasimamishwa na Horoya ya Guinea mlangoni kabisa mwa makundi. Timu ya Pwani kuitoa timu ya Tunisia si jambo dogo. Waarabu wa Kaskazini wamezoea kutufunga hata kabla hawajashuka kwenye ndege.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye msimamo wa ligi. Mwaka 2019 SportPesa ilipofunga duka lake Kenya baada ya leseni kukwama, udhamini wake ukaondoka nayo, na Gor na Leopards, klabu kubwa kuliko zote nchini, zikabaki zinapiga magoti kutafuta nauli na mishahara. Halafu ikaja corona. Halafu mwaka 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa miezi kadhaa. Katika tufani hiyo yote, kuwa na mwajiri nyuma yako ni kuwa na nanga. Mchezaji mwenye mke na watoto Likoni au Changamwe anaielewa nanga hiyo kuliko mimi ninayeandika makala. Kwa hiyo anayesema KPA haijafanya lolote hasemi kweli.

Lakini nanga ina kazi mbili. Inakuzuia usipeperushwe, na inakuzuia usiende.

Hesabu mabingwa tangu Bandari irudi Ligi Kuu. Ni misimu 13 kutoka 2013 hadi 2024/25. Gor Mahia wamechukua mara tisa, Tusker mara tatu, na Polisi mara moja. Bandari haimo. Pwani nzima haimo, na haijakuwamo tangu Feisal walipotwaa ubingwa mwaka 1965. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Feisal sasa ana wajukuu, na hajawahi kuona kombe la ligi likivuka Mtito Andei kuja huku.

Msomaji atasema Gor ni Gor, tuwaache. Sawa. Tuwaangalie Polisi, kwa sababu hapo ndipo utetezi wa KPA unapopata shida. Kenya Police FC nayo ni timu ya taasisi ya serikali. Wachezaji wake nao wana mwajiri nyuma yao. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, ikachukua Kombe la FKF mwaka 2024, na msimu wa 2024/25 ikawa bingwa wa Kenya. Misimu minne tu. Tusker nao ni timu ya kampuni ya bia, na wana mataji hadi hawajui pa kuyaweka. Kwa hiyo hatuwezi kusema timu ya mwajiri haiwezi kuwa bingwa. Inaweza, ikiwa mwajiri ameamua kwamba ubingwa ndio anaoutaka.

Ndiyo maana nasema swali si pesa. Swali ni nia. Shirika la bandari kazi yake ni kupakua na kupakia mizigo. Meneja wa gati anapimwa kwa makontena. Hakuna anayeulizwa mwisho wa mwaka kwa nini timu imemaliza ya sita. Ikishuka daraja ataulizwa, kwa sababu ni aibu na itaandikwa magazetini. Ikimaliza katikati hakuna simu itakayolia. Mfumo wa namna hiyo unazaa timu isiyoshuka na isiyopanda, na hakuna mtu mbaya ndani yake. Kila mmoja amefanya kazi yake. Tena wakubwa wa shirika huteuliwa na kuondolewa kwa upepo wa Nairobi, na mkubwa mpya akija na mapenzi ya mpira timu inanawiri, akija asiyejali timu inapoa. Mshabiki anadhani kocha amebadilika, kumbe kilichobadilika kiko ghorofa ya juu.

Nitoe mfano wa jirani, maana sisi huku tunawafuata Watanzania kila siku redioni na kwenye simu.

Januari 2019 Bandari ilikwenda Dar es Salaam kwenye Kombe la SportPesa ikakutana na Simba nusu fainali. Ikaifunga 2-1, nyumbani kwao. Wengi wetu tunaikumbuka siku ile. Fainali Bandari ikalala 1-0 kwa Kariobangi Sharks, na Sharks ndio waliopata kucheza na Everton, lakini hilo tuliache. Linaloniuma ni jingine. Simba ile ile tuliyoifunga, msimu ule ule ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikarudi robo fainali mara kadhaa baadaye. Na Mei 2025 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco, ikafungwa 2-0 huko na kutoka sare 1-1 Amaan, Zanzibar. Timu mbili zilizokutana uwanja mmoja, moja ikashinda, na miaka sita baadaye ile iliyoshindwa inacheza fainali ya Afrika huku ile iliyoshinda haijarudi hata nafasi ya pili ya ligi yake.

Simba walifanya nini? Desemba 2017 wanachama wao walikubali kubadili muundo, na mfanyabiashara Mohammed Dewji akashinda zabuni ya kuchukua asilimia 49 ya klabu kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, wanachama wakibaki na 51. Kabla ya hapo Simba walikuwa hawajachukua ligi tangu 2011/12. Baada ya hapo wakachukua mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21.

Sasa usikimbilie kusema basi tutafute Mo wetu. Mkataba ule ulizua ugomvi wa miaka: pesa ziko wapi, hisa zimeandikwa lini, nani anamiliki nini. Dewji aliacha uenyekiti wa bodi mwaka 2021, akarudi mwaka 2024 baada ya bodi kujiuzulu. Na katikati ya hayo yote Yanga wakachukua ligi mara nne mfululizo, 2021/22 hadi 2024/25. Tajiri hakuwahakikishia kombe. Kilichobadilika Simba ni kwamba lengo lilitamkwa hadharani: tunataka Afrika. Lengo likishatamkwa, shabiki ana kipimo. Simba wakimaliza wa pili, Dar haikaliki. Mwenyekiti anaulizwa, tajiri anaulizwa, kocha anafungasha virago. Kuna fujo, ndiyo, lakini ni fujo za watu wanaodai walichoahidiwa. Sisi Bandari ikimaliza ya sita tunakunja mkeka tunakwenda kulala.

Hata Ulaya ni vivyo hivyo. Wenzetu wa Manchester United wamewatukana akina Glazer tangu 2005, na ubingwa wao wa mwisho ni wa 2013. Mabango yao hayajawaletea kombe, lakini hakuna anayeweza kusema wenye timu hawajui mashabiki wanataka nini.

Kuna kipimo kingine cha maendeleo, na kwangu ni kizito kuliko makombe. Jiulize: mwenye timu akiamka kesho akasema basi, kitabaki nini?

Nchi hii ina makaburi mengi ya timu za waajiri. Oserian walichukua ligi mara mbili mfululizo, 2001 na 2002, timu ya shamba la maua la Naivasha. Leo iko wapi? SoNy Sugar walikuwa mabingwa 2006. Sukari ilipooza, pesa zikakauka, na mwaka 2019 timu ikatupwa nje ya ligi kwa kushindwa kufika kwenye mechi. Wachezaji wa SoNy hawakusahau kucheza mpira. Mwenye timu ndiye aliyeishiwa.

Sisi wa Delta ya Tana hatuhitaji kufundishwa somo hili. Shirika la TARDA lilileta mradi wa mpunga hapa, mifereji, matingatinga, nyumba za wafanyakazi, na tukaambiwa maisha yamebadilika. El Nino ya 1997 ikabomoa, na mashamba yakalala karibu miaka 10. Aliyekuwa ameajiriwa alirudi kwenye maembe yake na mtumbwi wake. Kilichobaki ni kile ambacho watu walikuwa nacho kabla ya mradi.

Ukiipima Bandari kwa kipimo hicho, unapata nini? Kuna uwanja wa Mbaraki, ambao ni wa mwenye timu. Hakuna uwanja wa kukidhi masharti ya CAF. Mwaka 2019, wakati Bandari inaitoa timu ya Tunisia, mechi ya nyumbani ilichezwa Kasarani, Nairobi. Nyumbani kwetu kukawa safari ya usiku kucha kwa basi. Hapa nimtendee haki KPA: uwanja wa Manispaa ya Mombasa ni wa kaunti, na ukarabati wake uliokwama miaka nenda miaka rudi si kosa la watu wa gatini. Lakini shirika lenye ardhi, wahandisi na mashine kama lile, kama lingetaka Mbaraki iwe na majukwaa ya maana, nani angelizuia?

Halafu kuna suala la watoto, na hapa ndipo Golbanti inapoingia.

Chukua kijana wa miaka 16 wa hapa kwetu, Mpokomo au Muorma, mwenye mguu wa kushoto wa kweli. Anacheza pekupeku kwenye uwanja ambao mto ukifurika unageuka bwawa. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yalimkosesha uwanja kwa miezi. Mashindano anayocheza ni ya wanasiasa: kombe la mheshimiwa huyu, kombe la mheshimiwa yule, jezi zenye picha ya mtu kifuani, mpira mmoja, fainali moja, hotuba tatu. Uchaguzi ukipita na kombe limepita. Ili aonekane na mtu wa Bandari lazima apande bodaboda hadi barabara kuu, apande gari hadi Malindi, kisha Mombasa, zaidi ya kilomita 200, alale kwa mjomba kama anaye, asubuhi aende Mbaraki ambako hakuna anayemfahamu. Nauli hiyo ni gunia la maembe. Wangapi wanafika? Na anayefika akakataliwa siku ya kwanza, nani atamtuma wa pili?

Timu inayoitwa ya Pwani inapata wachezaji wake, kwa sehemu kubwa, kama timu nyingine yoyote ya Kenya inavyowapata: inanunua waliokwisha kuiva. Kikosi kile kizuri cha 2019 kilikuwa na Wakongo na Waganda wa maana, na sina neno nao, walitupa raha. Kipa Farouk Shikhalo alitoka Bandari akaenda Yanga, jambo la fahari. Lakini kununua walioiva ni gharama ya kila mwaka. Ukikata bajeti mara moja, kikosi kinavunjika, na ndivyo ilivyokwenda baada ya 2019: kocha akaondoka, nyota wakaondoka, tukaanza upya. Timu yenye mizizi Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta ingekuwa na watoto 20 wanaosubiri nyuma ya kila anayeondoka. KPA inapitisha mzigo wa nchi nzima, na wa Uganda na Rwanda juu yake. Kuwafikia watoto wa kaunti sita za Pwani hakuwezi kuwa mzigo mzito kuliko huo.

Najua jibu litakalokuja. Fedha za KPA ni za umma, na wakaguzi hawatakubali shirika la bandari ligeuke shule ya mpira. Ni jibu zuri, ila linakata pande zote mbili. Kama ni fedha za umma, basi umma una haki ya kuambiwa timu inagharimu kiasi gani kwa mwaka, kiasi gani kinakwenda kwa usajili na kiasi gani kwa vijana. Gor wanasoma hesabu mbele ya wanachama, hata kama wanatupiana viti. Sisi hatuna mkutano wa kutupiana viti. Ningependa KPA itenge nafasi mbili tu katika uongozi wa timu kwa mashabiki, mmoja wa Mombasa na mmoja wa nje ya Mombasa, na kila Agosti itamke msimu huu tunataka nafasi gani. Ikisema ya nane, tutajua. Afadhali kuambiwa ya nane kuliko kufichwa.

Vijana wa kibandani wananiambia naota, kwamba hakuna bosi wa gatini atakayesoma haya. Labda. Lakini kama yuko anayesoma, ujumbe wangu kwake hauhitaji bajeti ya bunge. Maji ya Tana yakishashuka, uwanja wetu unakauka na vijana wanacheza kila jioni kuanzia saa kumi. Atume kocha mmoja wa timu ya vijana na mipira 10, akae wiki moja Golbanti, Ngao na Tarasaa, kisha avuke Garsen aende hadi Hola. Pa kulala tutampa, na samaki wa mtoni hatakosa.